Koki ya Breki za Nyuma

Mama mmoja mjane, huko milimani ambako kabichi hustawi hata mbegu ikidondoka pembeni mwa njia, aliachiwa na mumewe vitu viwili vya maana: wana watatu na pikapu moja. Wana walikuwa watu wazima, kila mmoja na shamba lake na mke wake. Pikapu ilikuwa kuukuu, rangi yake ya kijani imebaki kwenye pembe tu, lakini injini ilikuwa nzima. Marehemu aliiacha na sharti: isiuzwe, isigawanywe, ilale uani kwa mama, na ufunguo wake utundikwe kwenye msumari nyuma ya mlango wa mama. Anayeihitaji akaombe ufunguo kwa mama. Jioni aurudishe kwa mkono wake mwenyewe, asimtume mtu.

Wakalishika sharti hilo. Jumatatu pikapu ilikuwa ya mwana mkubwa, ateremshe kabichi kwenda tambarare. Jumatano ilikuwa ya yule wa kati, mtu wa viazi. Ijumaa ya kitinda mimba na karoti zake. Siku nyingine ilipumzika. Wangapi kati yetu tunaweza kugawana hata jembe la marehemu bila kufikishana kwa balozi wa nyumba kumi? Wao waliweza. Nataka mlikumbuke hilo, kwa sababu sisimulii habari za watu wabaya.

Sasa, barabara ya kuteremka kule mnaijua ilivyo. Upande huu jabali, upande ule unaona kilele cha mti ambao shina lake hulioni. Breki za pikapu zilikuwa za zamani, za drami magurudumu yote manne, na zikishika moto katikati ya mteremko, pedali ilikwenda chini kama umekanyaga godoro. Mwana mkubwa alisema, "Hii itatuua." Alisema kweli. Wakafunga breki za diski magurudumu ya mbele, walizozitoa kwenye gari jingine lililokufa. Mbele pakapona, nyuma pakazuka jambo jipya. Pikapu ikiwa tupu, ukikanyaga breki kwa nguvu, magurudumu ya nyuma yalijifunga kabla ya yale ya mbele, na mkia wa gari ukataka kuja kuona mbele kuna nini.

Wakaenda kwa fundi, mtu wa maneno machache. Fundi akatafuta valvu ndogo ya shaba ya kupunguza nguvu ya breki za nyuma, yenye koki ya kuzungusha kwa vidole. Akakata bomba la mafuta ya breki liendalo nyuma, akaifunga pale katikati, akatoa upepo kwenye mabomba mpaka mafuta yakatoka bila povu. Kisha akawapeleka kwenye uwanja wa mpira wa shule, shule ikiwa imefungwa, na mama akataka kwenda nao. Wakamkalisha juu ya ndoo iliyogeuzwa.

Siku nzima ilikuwa kanyaga, simama, rudi. Fundi alichuchumaa pembeni akitazama magurudumu yapi yanajifunga kwanza, akageuza koki kidogo, akasema kanyaga tena. Walifanya hivyo gari likiwa tupu. Wakapakia magunia ya mchanga, wakafanya tena. Mchana ulipoanza kupoa, fundi alichukua brashi akatia alama mbili za rangi kando ya koki.

"Nyeupe ni gari tupu," akawaambia. "Nyekundu ni mzigo. Ukipakia, mkia unakuwa mzito, zungusha koki mpaka nyekundu ili breki za nyuma nazo zifanye kazi. Ukishusha mzigo, rudisha nyeupe. Usiporudisha, siku utakayokanyaga ghafla gari likiwa tupu, nyuma kutakutangulia."

Mama akauliza, "Kwa nini usiiache kwenye nyeupe siku zote?"

"Mimi ndivyo ningependa, mama. Niifunge kwenye nyeupe, koki niing'oe kabisa, wawe wanabeba nusu ya mzigo."

Yule wa kati akacheka. "Na ile nusu nyingine, fundi, utatubebea wewe mgongoni?"

"Basi shikeni koki yenu. Ila nimeiweka chini ya bodi, karibu na gurudumu la nyuma. Huifikii mpaka upige magoti."

"Si ungeiweka ndani, pale karibu na gia?" akauliza kitinda mimba. "Mtu anyooshe mkono tu."

"Ungeichezea gari likiwa mwendoni. Nataka mtu asimame, ashuke, apige magoti, akumbuke amebeba nini. Ni nusu dakika." Kisha fundi akamgeukia mama. "Mama, mambo ya valvu waachie hawa. Wewe kila jioni mwulize anayeleta ufunguo kama amerudisha. Halafu mtazame magoti ya suruali. Udongo wenu ni mwekundu, haufichi mtu. Atakayekuja na magoti safi, mnyime chai."

Wakacheka wote, na mama ndiye aliyecheka zaidi.

Ikawa desturi ya nyumba ile. Jioni pikapu inaingia uani, mama yuko jikoni, birika limeshachemka. Mwana anainama mlangoni, ufunguo mkononi.

"Umerudisha?"

"Nimerudisha, mama."

Ufunguo unatundikwa, chai inamiminwa. Miezi ya kwanza, wake wa wale ndugu walilalamika kisimani kwamba valvu ya fundi imewaongezea kazi ya kufua. Ikaja mvua ya vuli. Ikapita. Likaja jua la Januari, halafu masika. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, swali lile lile na jibu lile lile.

Mwezi wa nne mama akaugua. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, akawa analala ameketi. Muuguzi wa zahanati alimtazama Jumanne asubuhi, akaandika barua ya hospitali ya tambarare, akasema, "Mteremsheni leo. Msingoje kesho. Moyo umechoka, lakini wakimwahi atapona." Hayo ndiyo maneno yake, na ninayarudia kama alivyoyasema: wakimwahi atapona.

Jumanne pikapu ilikuwa imepumzika. Kitinda mimba ndiye aliyekuwa karibu, akaja kuendesha. Mke wa mwana mkubwa, ambaye alikuwa akiishi na mama na kumhudumia, alimvisha, akamfunga kitambaa kichwani, akamshika mkono mpaka kwenye gari. Yeye angefuata kwa basi la mchana na sufuria na mashuka. Majirani wawili watatu walikuwa wamesimama uani kumwombea safari njema.

Mama alisimama kwenye mlango wa gari, mkono mmoja kwenye kioo, akivuta pumzi. Akauliza, "Umerudisha?"

"Imesharudishwa, mama. Panda, tusichelewe."

Mama akamtazama mwanawe. Akapanda.

Kulikuwa na manyunyu. Walivuka kona ya kwanza salama, na ya pili, na nyingine nyingi, kwa sababu yule kijana aliendesha polepole, nisimsingizie. Kwenye kona moja walikutana na lori linapanda, limekula barabara yote. Akakanyaga. Magurudumu ya nyuma yakajifunga, yakaserereka kwenye lami iliyolowa, mkia ukazunguka, na pikapu ikalipiga jabali kwa ubavu. Ubavu wa mama. Kijana alitoka na mchubuko kwenye kiwiko. Mama alitolewa na watu wa lori, akalazwa kwenye majani. Alikuwa hai bado kwa muda mfupi. Halafu hakuwa hai.

Askari wa barabarani alifika na daftari lake.

"Dereva nani?"

"Mimi, afande."

"Ulibeba nini?"

"Sikubeba kitu, afande. Gari lilikuwa tupu."

Askari akaacha kuandika. Akaelekeza kalamu kwenye majani, pale akina mama wa kijiji cha karibu walipokuwa wakitandaza kanga. "Na yule?"

Kwa hesabu ya koki kijana alisema kweli. Mama yule, kwa ugonjwa ule, hakufika hata uzito wa gunia moja la karoti. Gari lilikuwa tupu. Na ndilo jambo ambalo yeye na ndugu zake walitakiwa walikumbuke tangu mwanzo.

Walizika Alhamisi. Jumamosi, ndugu wote watatu wakamwendea fundi. Pikapu ilikuwa imevutwa mpaka kwenye karakana yake. Mwana mkubwa hakumsalimu.

"Valvu yako imetuulia mama."

Fundi alikuwa anakula. Akaweka sahani chini, akanawa mikono, akachukua gunia akalitandika karibu na gurudumu la nyuma. "Karibu," akasema. "Piga magoti, uniambie unaona nini."

Mwana mkubwa akapiga magoti. Alikaa kule chini muda mrefu kuliko nusu dakika.

"Iko kwenye nyekundu," akasema.

Akatoka, hasira ikamgeukia yule wa kati. "Wewe ndiwe hukurudisha."

"Mimi? Mimi nilibeba Jumatano ya wiki iliyopita. Jumatatu ulibeba wewe, kaka, siku moja kabla."

"Jumatatu niliikuta nyekundu!"

"Hata mimi niliikuta nyekundu," akasema wa kati.

"Na mimi," akasema kitinda mimba, taratibu.

Fundi akauliza, "Mlianza kuikuta nyekundu lini?"

Fundi akachukua koleo, akalala chali chini ya gari, akajaribu kuizungusha ile koki. Haikuzunguka. Ilikuwa imefunikwa na tope lililokauka likawa gumu kama tofali la kuchoma, tope jekundu la milimani, na juu yake vumbi jeupe la tambarare, na juu yake tena tope jekundu. Ndani ya tope kulikuwa na kutu. Akatoka na kipande cha lile tope la ndani kabisa, akakiweka kiganjani mwa mwana mkubwa.

"Hili ni la vuli," akasema. "Vidole vya mtu havijaigusa koki hii tangu mwezi wa kumi na moja."

Mnaona, ndugu zangu? Kila mtu hupenda kuuliza nani alianza. Haijulikani. Siku moja ya mvua, mmoja wao alishuka kwenye gari, akaona tope, akatazama suruali yake, akasema nitarudisha kesho. Akaingia jikoni akasema nimerudisha, mama. Ndugu yake alipochukua gari kupakia, akapiga magoti, akaikuta koki iko kwenye nyekundu tayari. Je, alikasirika? Alikwenda kwa nduguye akamwambia umemdanganya mama? La. Alifurahi. Amepunguziwa kazi. Na jioni naye hakuirudisha, kwani atakayemfuata atakuwa na mzigo vilevile. Naye akasema nimerudisha, mama. Na wa tatu hivyo hivyo. Miezi mitano, kila mmoja alijua kwamba wenzake wanadanganya, na kila mmoja alinyamaza, kwa sababu uongo wa mwenzake ulimfaa.

Hata hapo mtasema, basi, ni ajali, hawakukusudia. Ngojeni.

Walirudi nyumbani wakagombana uani, wakirushiana lawama huku na huku, mpaka mke wa mwana mkubwa akatoka jikoni. Alikuwa mwanamke mtulivu, tangu ameolewa hajawahi kupaza sauti mbele ya shemeji zake.

"Mnagombana nini?" akasema. "Mama alijua."

Wakamtazama.

"Alijua tangu vuli. Mkimpa ufunguo alikuwa anawatazama magoti, kama fundi alivyomwambia. Siku moja akaniambia, mwanangu, suruali za hawa watoto siku hizi ni safi. Nikamwambia, mama, mbona basi unawapa chai? Akaniambia, sasa nimnyime mwanangu chai?"

Mumewe akasema kwa sauti ndogo, "Kama alijua, kwa nini alipanda?"

"Jumanne ile nilikuwa nimemshika mkono. Alimwuliza mdogo wako, mdogo wako akamjibu, mama akamtazama magoti. Suruali ilikuwa imepigwa pasi. Na majirani wamesimama pale wote. Ulitaka afanye nini? Amwambie mwanawe mbele ya watu, wewe mwongo, sipandi gari lako?" Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Aliona heri apande."

Akarudi jikoni. Hicho ndicho kisa chote. Kaburi la yule mama limewekwa vigae vyeupe, la kupendeza kuliko yote pale, na kwenye msalaba wameandika kwamba hawatamsahau. Fundi alikosa wateja, maana habari ilienea sokoni kwamba valvu zake zinaua. Wale ndugu watatu walijua ukweli, na sokoni wanauza siku tatu kwa wiki, na hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa kumsafisha jina. Wangemsafisha yeye, wangebaki wachafu wao.

Sasa tuiache familia ile na vigae vyake, tujitazame sisi.

Sisi wengi hatuna pikapu. Lakini tunaye anayeuliza. Anauliza kwenye simu: dawa zangu za presha umezipata? Ninazifuatilia, mama. Umepita kumwona dada yako? Nilipita juzi, mama. Wewe na mwenzako mmepatana? Tumepatana. Tunajibu haraka, kwa sauti tamu, huku tunatafuta kiatu cha pili. Na tukigundua kwamba ndugu yetu naye hakupita kwa dada, hakuzileta dawa, tunamwambia? Hatumwambii. Tunapumua. Kumbe si mimi peke yangu. Hivyo ndivyo watoto sita wanavyoweza kumpenda mzazi mmoja, wote kwa moyo, na mzazi akakaa mwezi mzima bila dawa.

Msiniambie wale ndugu hawakumpenda mama yao. Walimpenda. Amri ya kuwaheshimu wazazi walikuwa wameikariri kabla ya kipaimara kama sisi tulivyoikariri. Kilichowashinda ni kupiga magoti kwenye tope nusu dakika, pale ambapo hakuna anayewaona, kwa ajili ya mtu ambaye siku hiyo hayumo ndani ya gari. Waliipanga breki kwa ajili ya mizigo yao, wakaiacha hivyo. Nasi maisha yetu tumeyapanga kwa ajili ya nini? Tukikanyaga leo, ghafla, nani aliyekaa upande wa jabali?

Tena tusidhani wazee wetu hawajui. Wanajua. Wamezaa watu, hawakuzaa mbao. Wanasikia jibu letu, wanatutazama magoti, wananyamaza, kwa sababu wanatuonea haya kuliko tunavyojionea wenyewe. Tunakuona kule kunyamaza kwao tunakuita amani. Tunasema, mama yangu hana neno. Anayo maneno. Ameyameza, na anapanda gari tunaloliendesha.

Dakika chache zilizopita tulipiga magoti hapa, sote, juu ya mito ya sponji ambayo akina mama wa usharika wametushonea. Tuliomba vizuri, wengine mpaka machozi. Nilitazama tulipoinuka. Hakuna suruali hata moja iliyochafuka.

Sitawaomba msimame tuimbe. Tukitoka hapa tutakwenda nyumbani, na wengine tutakuta birika linachemka, na mtu atatuuliza, naye atatumiminia chai vyovyote tutakavyomjibu. Basi tukae kimya kidogo kwanza. Kila mtu atazame magoti yake.